Vidonge vya kuongeza damu ubongoni: mwanariadha ananunua nini hasa?

Kopo la unga wa mazoezi siku hizi haliahidi misuli peke yake, linaahidi na kichwa. Litafungua mishipa, damu ipande ubongoni, na mkimbiaji amalize mbio akili ikiwa timamu. Dai hilo halikutoka hewani, na ndiyo maana linastahili kupimwa badala ya kuchekwa.

Tuanze na ukweli ambao wauzaji wanausimamia. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake yote. Ukianza kukimbia, damu inayokwenda kichwani huongezeka. Ukivuka takribani asilimia 60 ya uwezo wako wa juu wa kutumia oksijeni, inaanza kurudi chini, hata kama moyo unazidi kudunda. Kinachoishusha ni kuhema. Anayehema kwa kasi anaitoa nje kaboni dioksidi kwa wingi, na gesi hiyo ndiyo inayoiacha mishipa ya ubongo wazi. Ikipungua, mishipa inajibana. Kwa hiyo yule anayemalizia raundi za mwisho uwanjani, mdomo wazi na mabega juu, kifua chake kinapiga damu kwa nguvu zote huku njia za kichwani zikizidi kuwa nyembamba. Muuza kopo anaingia hapo hapo: mimi nitazifungua.

Mgombea wake mkubwa ni bitiruti. Ina nitrati nyingi. Ukiinywa, bakteria walio juu ya ulimi huigeuza nitrati kuwa nitriti, na mwili nao huigeuza nitriti kuwa nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Mwaka 2009, watafiti wa Exeter, Uingereza, waliwapa wanaume 8 nusu lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa siku 6. Walipopandishwa baiskeli wakanyonge mpaka wachoke kabisa, muda wa kuhimili ulipanda kutoka sekunde 583 hadi 675. Ni nyongeza ya asilimia 16, na kwa chakula cha kawaida kabisa si haba.

Kwenye ubongo wenyewe pia kuna vipimo. Mwaka 2011, watafiti wa Wake Forest huko Marekani waliwapa wazee wa miaka ya 70 chakula chenye nitrati nyingi, wakaona damu imeongezeka sehemu za ndani za ubongo wa mbele. Sehemu hizo tu, maana jumla ya damu ya ubongo mzima haikubadilika. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Northumbria kiliwanywesha vijana mililita 450 za juisi hiyo na kuwapa mitihani ya akili. Damu ya ubongo wa mbele ilipanda mwanzoni, kisha ikashuka katika kazi iliyokuwa nyepesi. Alama zilipanda katika hesabu za kutoa tatu-tatu, si katika mitihani yote. Na wote hao, wazee kwa vijana, walikuwa wamekaa. Hakuna aliyekuwa kilomita ya 35 akihesabu zilizobaki. Kutoka kwenye kiti cha maabara hadi mlima wa Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, ni mbali mno, na kopo linaruka umbali huo wote kwa sentensi moja.

Kinachonitia shaka zaidi hata hivyo ni kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa. Mwaka 2018, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha msimamo wa wataalamu kuhusu saplimenti, yaani vidonge na unga wa kuongezea chakula kama hivi. Kati ya mamia yanayouzwa, waliona ni tano tu zenye ushahidi mzuri kwamba zinamsaidia mwanariadha moja kwa moja kufanya vizuri: kafeini, kriatini, nitrati, beta-alanini na bikaboneti. Kafeini ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, na kipimo kinachotajwa ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Mkimbiaji wa kilo 60, basi, ni miligramu 180 hadi 360. Sasa kumbuka kwamba kafeini hubana mishipa ya ubongo. Miligramu 250 tu hupunguza damu ya ubongo wa mtu aliyetulia kwa takribani robo. Damu inapungua, naye anakimbia vizuri zaidi na kuona uchovu mwepesi! Kama wingi wa damu kichwani ndio ungekuwa siri ya ushindi, kikombe cha kahawa kabla ya mbio kingekuwa hasara. Na kuna makopo yanayochanganya kafeini na unga wa bitiruti ndani ya kijiko kimoja, halafu yanaandika nje kwamba yanaongeza damu kichwani.

Mtetezi wa saplimenti atajibu kwamba bitiruti na kafeini zinaweza kusaidia kwa njia tofauti. Sawa, nakubali. Lakini basi auze kopo lake kwa sababu ya misuli kutumia oksijeni kwa uangalifu, maana hapo ndipo ushahidi wa bitiruti ulipo, aiache habari ya ubongo.

Tena kuna utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa kwetu ambao sijauona ukitajwa kwenye matangazo. Mwaka 2015, Jordan Santos-Concejero na wenzake waliwapima wakimbiaji 15 Wakalenjin wa Kenya wa kiwango cha juu wakikimbia kilomita 5 kwa nguvu zote, kila mmoja akijipangia kasi. Oksijeni ya ubongo wa mbele haikuporomoka, ilidumu hadi mwisho. Watafiti walikisia kwamba kuzaliwa na kukulia nyanda za juu, na kuzoea kazi na mbio tangu utotoni, huenda kumechangia. Miaka miwili baadaye, wakimbiaji wa kiwango hicho walipopewa mazoezi makali ya vipande, kasi ikipangwa na mwingine, oksijeni hiyo ilishuka. Kwangu mimi hilo linasema mengi kuhusu kazi ya kocha na saa yake kuliko kuhusu kijiko cha unga. Tahadhari moja: kifaa walichotumia humulika mwanga kwenye paji la uso, hivyo kinagusa sehemu ya juu tu ya ubongo.

Na hata huko kwenye misuli, faida ya nitrati hupungua kadiri mtu anavyozidi kuwa bora. Anayekimbia wikendi kwa ajili ya afya anaweza kuihisi. Anayewania nafasi ya timu ya taifa huenda asipate kitu. Ajabu ni kwamba huyu wa pili ndiye anayelengwa na matangazo.

Pia kuna jambo moja linalonichekesha. Unga unaouzwa Marekani kwa jina la spinachi nyekundu ni mchicha, huu huu tunaoujua. Ni miongoni mwa mboga zenye nitrati nyingi. Ukiuchemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya nitrati inaondoka na maji hayo, kwa hiyo ni bora kuukaanga au kuupika kwa maji kidogo.

Hatari yenyewe iko kwenye kisichoandikwa. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichunguza saplimenti 634 kutoka nchi 13, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba karibu asilimia 15 zilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Sheria za dawa za kusisimua misuli hazijali ulikuwa na nia gani. Kilichokutwa mwilini ni chako. Halafu kuna DMAA, kichangamshi kilichouzwa kwenye unga wa kabla ya mazoezi na ambacho hubana mishipa na kupandisha presha. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka karibu na mwisho wa London Marathon akafa. Uchunguzi wa kifo chake ulisema kuna uwezekano mkubwa kwamba DMAA ilichangia.

Anayetaka kujaribu, ajaribu bitiruti yenyewe, saa 2 hadi 3 kabla ya mazoezi, siku ya mazoezi na wala si siku ya mashindano, maana tumbo linaweza kukataa. Asisukutue kwa dawa ya mdomo ya kuua vijidudu, kwa sababu atawaua bakteria wale wa ulimi na juisi itapita bure. Akiona mkojo mwekundu kesho yake, asikimbilie hospitali kabla hajakumbuka alikunywa nini.