Daftari la Farasi wa Kiarabu Linabebeshwa Lawama za Soko

Lawama dhidi ya vyama vya kusajili farasi wa Kiarabu zimezoeleka: ni vilabu vya matajiri wanaoabudu nasaba, wamefunga mlango kwa damu mpya, na sasa wanazalisha wanyama wenye sura nzuri na afya mbovu. Arabian Horse Association ya Marekani ndiyo hutolewa mfano zaidi, kwa kuwa daftari lake ndilo kubwa kuliko yote. Sehemu ya lawama hizo ni kweli. Ila wanaozitoa huchanganya daftari na soko, na hapo chama kinaonewa.

Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York ikitokea Maskati kupitia Zanzibar. Kati ya zawadi alizoletewa Rais Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Chama cha kuandika uzao wao hakikuwapo. Kilianzishwa 1908, miaka miwili baada ya mchora vibonzo Homer Davenport, mmoja wa waasisi wake, kuwaleta farasi 27 kutoka jangwani.

Ugonjwa unaotajwa zaidi ni SCID, wa watoto wa farasi kuzaliwa bila kinga yao wenyewe. Mwanzoni huwezi kuushuku. Mtoto huzaliwa mzima, husimama, hunyonya dang'a, na kinga ya mama humlinda kwa wiki kadhaa. Kinga hiyo ikiisha huanza kukohoa na kutokwa na kamasi. Akitibiwa hupata nafuu kidogo, kisha homa hurudi. Kwa kawaida hafikishi miezi sita. Ugonjwa ulielezwa kitaalamu mwaka 1973, na hitilafu yenyewe, herufi tano tu za DNA zilizokosekana kwenye jeni moja, ikagunduliwa 1997. Mwenye nakala moja mbovu, yaani mbebaji, ni mzima kabisa. Wakipandishana wawili wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa.

Vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba wabebaji Marekani walikuwa kama 8.4 katika kila farasi 100 wa Kiarabu, na namba hiyo imekuwa ushahidi wa kila anayesema damu hii imeoza. Tuipige hesabu. Farasi wakipandishwa bila mpango, jozi ambazo dume na jike wote ni wabebaji ni kama 7 katika 1,000. Robo ya watoto wa jozi hizo ndio wagonjwa, yaani chini ya 2 katika 1,000. Kwa mwaka kama 1985, chama kiliposajili karibu farasi 30,000, kiwango hicho kingekuwa watoto hamsini na kitu, na kila mmoja ana mfugaji aliyekesha naye zizini. Sidharau hilo hata kidogo. Lakini tangu kipimo kipatikane hapana sababu ya hata mmoja wao kuzaliwa: dume mbebaji akipewa jike msafi, hazaliwi mgonjwa. Na mbebaji mmoja akigundulika, daftari ndilo linalokuambia wazazi wake, ndugu zake na watoto wake wako wapi, nao wapimwe. Kila anayesajiliwa leo hung'olewa singa chache pamoja na mizizi yake, zikaenda maabara kuthibitisha wazazi walioandikwa. Farasi asiye na karatasi anaweza kubeba jeni hiyo hiyo, na hakuna wa kumfuatilia.

Wapo wanaotaka wabebaji wote wafutwe daftarini. Ni kosa. Ukiwatupa farasi 8 katika kila 100 kwa sababu ya jeni moja, umetupa na kila kitu kingine walichorithi, katika ukoo usiopokea damu ya nje.

Kufunga mlango huko kuna gharama, na hapo wakosoaji wana hoja nzito. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2020, wa farasi wa Kiarabu 378 kutoka nchi 12, ulikuta baadhi ya koo za Magharibi zina vinasaba vinavyofanana mno kuliko zile za Mashariki ya Kati, na baadhi ya farasi wa Kiarabu wa mbio wana dalili za kuchanganywa na Thoroughbred, farasi wa mbio wa asili ya Uingereza. Kumbe hata karatasi inaweza kudanganya. Jibu la hilo ni kupima zaidi na kuwatafuta farasi wa Mashariki ya Kati, ambao nao ni wa damu hiyo hiyo; kufuta daftari hakutibu chochote.

Fedha ndiyo iliyoharibu zaidi. Mwaka 1984 jike NH Love Potion aliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.55, wakati farasi walikuwa kificho cha kodi, yaani njia ya matajiri kupunguza kodi yao. Sheria ya kodi ya Marekani ya 1986 ilipoziba mwanya huo, bei ziliporomoka, wafugaji wakafilisika, na farasi wengi wa damu safi wakaishia machinjioni. Chama hakikupanga bei hizo, ingawa kila karatasi ililipiwa ada. Tangu 2003, msajili na mwandaaji wa maonyesho wamekuwa chombo kimoja, na mpangilio huo siupendi: anayehifadhi nasaba asiwe ndiye anayegawa mataji ya urembo.

Jambo moja linaweza kufanyika bila kungoja mageuzi hayo. Upimaji wa SCID uwe sharti kwa kila dume kabla mtoto wake wa kwanza hajasajiliwa, na matokeo yachapwe kwenye cheti. Kazi ya ziada ni ndogo, kwa maana kipimo hicho hufanywa kwa singa zile zile ambazo maabara huletewa kuthibitisha wazazi.