Amri imesema sawa, volyumu haipo

Hivi nani aliamua kwamba amri ikishindwa irudishe 0, yaani alama ya kwamba mambo yamekwenda sawa? Naandika skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, ya kutenga volyumu 40 (sehemu za nafasi ya diski) kwenye mtambo wa kuhifadhia data. Amri inapita, inarudisha 0, skripti inasonga mbele. Kumbe huko chini kabisa ya jibu lake la XML (maandishi yaliyopangwa kwa lebo), baada ya mistari mia tatu, kuna kijilebo kimejikunyata kinasema imeshindikana! Sasa hiyo 0 ilikuwa ya nini?

Na vipimo je? Unaumba volyumu kwa kuandika 1TB. Ukiiuliza ukubwa wake, inakujibu 2147483648. Baiti? Wapi! Ni vipande vya baiti 512, na XML nzima haijataja kipimo popote. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu xmlns, sifa inayozipa lebo zote kama jina la ukoo. Lebo unaiona kwa macho yako, unaitafuta kwa XPath (lugha ya kutafutia lebo ndani ya XML) bila kutaja ukoo huo, patupu. Unarudia, patupu. Saa mbili zinateketea kwa sababu ya sifa moja iliyokaa kwenye lebo ya kwanza.

Utaniambia niachane na XML, nisome jedwali la kawaida. Nimejaribu, ndugu yangu. Jedwali linakata majina marefu ili yaenee kwenye safu! Volyumu ya majaribio na volyumu ya hifadhidata ya kazi zikatokea na jina lilelile, herufi kwa herufi, na skripti yangu ilikuwa inangoja kufuta moja. Wenzangu mnaoamka usiku kwa mambo haya, mnalala kweli?