Haikuwa Friji, Ilikuwa Friza

Kwa kuwa yule msaliti aliyekuwepo siku ile keshaisambaza habari ya mimi na friji kwenye magrupu yote, kuanzia Michenzani hadi Chake Chake, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, haikuwa friji. Ilikuwa friza. Friza ya Bi Mkubwa mwenye nyumba, ya barafu za ukwaju, imeegemea ukuta wa chumba ninachokiita studio. (Mnaocheka hapo kwenye "studio", nawaona.)

Mwongozaji alikuja na filamu yake fupi ya kina mama wa mwani wa Paje. Maji yamekupwa, watu wanafunga mbegu kwenye kamba, msimulizi anaeleza kilimo kilivyoanza 1989. Kazi yangu kumchagulia muziki wa chini chini, usio na maneno wala ngoma. Nikajitia mjuzi. Nikamtaja Brian Eno, yule mtunzi Mwingereza, na albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege. Nikasema muziki huu haugombani na msimulizi. Udi ukianza taksim, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, chini ya maneno yake, mwani hausikilizwi tena. Hilo nalisimamia mpaka leo.

Nikabonyeza. Nikafumba macho.

Mmmmmmmm.

Jamani, utulivu gani ule! Nikainua kidole. "Sikilizeni. Hauna haraka. Haukwambii ulie, haukwambii ucheke. Nafasi yote kamwachia msimulizi."

Mwongozaji akaitikia kwa kichwa. Yule msaliti naye akaitikia, andikeni hilo, maana kwenye hadithi yake yeye hayumo.

Grrr-tk.

"Mmesikia?" nikanong'ona. "Hapo mtunzi kageuza upepo. Kaskazi inaingia." Nikaongeza kwamba mtu huyu lazima kakulia pwani. Wallahi nilisema. Na mwongozaji, mtu mzima na heshima zake, akaandika kwenye daftari: kaskazi.

Mara umeme ukakatika. Grrr… tk. Kimya.

"Na kumaliza anajua," nikasema, macho bado nimeyafumba.

Ukumbini ikapaa sauti ya Bi Mkubwa: "Yarabi, barafu zangu!"

Nikafumbua jicho moja. Kompyuta inakula betri yake, inang'aa mbele yetu sote. Muziki upo pale pale, dakika sifuri, sekunde sifuri, na kijidirisha kinaniuliza kwa adabu kama nataka kuunganisha spika. Hakuna aliyepumua. Mwongozaji akalifungua daftari, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, taratibu, kisha akarudia mstari wa pili juu yake.

Yaliyobaki si mengi. Umeme ulirudi, tukasikiliza muziki wenyewe, tukaujaribu na kwenye simu maana watazamaji wengi wako huko, akachukua ule wa nai, filimbi ya mwanzi, akalipa, akaenda zake. Kasheshe ni Bi Mkubwa. Kaambiwa friza yake imesifiwa na watu wa filamu, na asubuhi hii kanigongea mlango: "Mwanangu, hao COSOZA wa hakimiliki wanafungua saa ngapi?"