Springi Iliyokatwa na Gurudumu Linaloning'inia

Mabishano ya kukata springi ili kushusha gari yana pande mbili zisizosikilizana. Wanaokata huwaona wanaopinga kuwa waoga, au watu wanaopigia debe springi za dukani. Wanaopinga nao hujibu kwamba gari litakuwa gumu na kila tuta litaupata uti wa mgongo. Hoja hiyo ya ugumu ndiyo dhaifu kuliko zote walizo nazo, na kwa kuing'ang'ania wameifunika ile yenye uzito.

Wanaokata wana ukweli wao. Chuma kikikatwa baridi kwa grainda hakidhoofiki. Mzigo uleule unaukaza kila mzunguko, yaani kila pete ya springi, kwa kiasi kilekile cha zamani. Mizunguko ikipungua, springi huwa ngumu zaidi: ukitoa mmoja katika sita inayofanya kazi, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Kitovu cha uzito kinashuka, na hilo ni jema kwenye kona. Tena springi fupi ya dukani, ukiitazama, nayo ni springi fupi na ngumu kidogo. Basi kwa nini hii iitwe salama na ile hatari?

Jibu liko kwenye shokapu, ambayo mkataji hajaigusa. Shokapu ndiyo inayoweka kikomo cha gurudumu kuning'inia, yaani kushuka chini ya bodi lisipobeba uzito. Tupige hesabu ya mfano, kwa springi iliyokaa juu ya shokapu. Ina urefu wa milimita 340 ikiwa huru, inabeba kilo 300, na kila kilo 2.5 zinaibana milimita moja. Gari likitua chini, springi imebanwa milimita 120, imebaki 220. Gurudumu likining'inia hadi mwisho wa shokapu, tuseme vikalio viwili vya springi, sahani za juu na chini inamokaa, vinaachana kwa milimita 310. Springi bado imebanwa milimita 30, kwa hiyo haina pa kwenda.

Sasa kata mzunguko mmoja kati ya ile sita. Springi huru ina milimita 283. Shokapu ni ileile, vikalio vinaachana kwa 310 ileile. Pamebaki mwanya wa milimita 27 ambamo springi haishikwi na kitu. Springi hii ngumu zaidi inabanwa milimita 100 na kubaki 183, kwa hiyo gari limeshuka milimita 37 tu, jambo ambalo wengi wangeliona ni dogo.

Na gurudumu huning'inia mara nyingi kuliko tunavyodhani: likiingia kwenye shimo refu, likivuka kilele cha tuta kwa kasi, au gurudumu la ndani likinyanyuka kwenye kona kali. Katika nukta hiyo springi inaweza kujizungusha au kulala upande. Kisha uzito wa gari unarudi wote kwa mpigo, na ile ncha iliyokatwa, ambayo haina tena umbo la kikalio chake, inatua popote ilipo: ukingoni mwa kikalio, karibu na mpira wa breki, karibu na tairi. Dereva yuko katikati ya kona hiyohiyo. Hili ndilo linalonisumbua, kwa sababu kwenye barabara tambarare halijionyeshi kabisa. Mtu anaendesha miezi, gari limetulia, naye anaamini kwa dhati kwamba walioonya walitia chumvi.

Springi nzuri za kushushia gari hutengenezwa zibaki zimebanwa hata gurudumu likining'inia, na pale ambapo haiwezekani, huwekwa shokapu fupi au springi ndogo ya kusaidia. Hapo ndipo fedha zinapokwenda.

Hata kwenye ugumu wenyewe, hesabu inashangaza. Tuseme gari lilikuwa na milimita 80 za kubonyea kabla ya kugonga raba ya kikomo, ile inayozuia chuma kugonga chuma. Baada ya kushuka 37 zimebaki 43. Ili springi ihimili kishindo kilekile ndani ya nafasi hiyo, ugumu wake ungepaswa kuzidi mara tatu. Kukata kumeongeza asilimia 20. Gari linaonekana gumu kwa kuwa linakaa karibu na raba, na ekseli inayogonga raba katikati ya kona hupoteza mshiko ghafla.

Kuna pia magari yenye vali ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukilishusha gari hilo nyuma bila kuirekebisha vali, inadhani umepakia, inapeleka nguvu zaidi nyuma, na magurudumu ya nyuma yanaweza kukaza na kuacha kuzunguka kabla ya yale ya mbele. Alaimenti sitaichambua, tairi zikilika upande mmoja zitajieleza zenyewe. Kushusha springi kwa moto wa gesi pia sikuweki kwenye mjadala huu, kwa kuwa joto hilo linaharibu uimara ambao chuma kilipewa kiwandani, na hata mafundi wanaotetea kukata hawalitetei.

Kwa anayeshikilia kwamba yake ilikatwa vizuri, kipimo kipo. Liweke gari kwenye stendi imara zinazobeba bodi, magurudumu yote ya ekseli yakining'inia, kisha shika kila springi na ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka, ule mwanya upo.