Eddie bado yuko jukwaani

Mwandishi, katika makala yako umeandika kana kwamba Montgomery Gentry, wale wanamuziki wawili wa country wa Marekani, walizikwa pamoja na Troy Gentry, aliyefariki kwa ajali ya helikopta New Jersey, Septemba 2017, saa chache kabla ya shoo. Hapana bwana, mwenzake Eddie Montgomery aliendelea na jina lile lile. Mimi naishi Lexington, huku huku Kentucky walikotoka hawa jamaa, na nilimwona baada ya msiba, nimeburutwa na mwenzangu wa kazini. (Nilikwenda kwa ajili ya nyama choma, nisiwadanganye.) Kofia nyeusi, koti refu, stendi ya maikrofoni anaizungusha kama fimbo. Ulipofika wimbo wa Troy, umati ukauimba wenyewe. Mzee jirani yangu akavua kofia, bia yake ikanimwagikia viatuni. Nikamwacha tu.