Mwanangu Si "Mtoto wa Vitendo"

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi yenye maduara manne ya rangi. Walikuwa wamejazishwa dodoso darasani, na duara lake kubwa kuliko yote liliandikwa kwamba yeye hujifunza kwa vitendo. "Mama, mwalimu amesema mimi si mtu wa kusoma," akaniambia. Ana miaka tisa.

Kauli hiyo bado inaniuma, ndiyo maana naandika.

Nimeishi ugenini miaka kumi na miwili na kuna mengi nayapenda katika shule za huku. Darasa lina watoto wachache, meza zinasogezwa, na mtoto anaweza kuinuka akaenda kuchukua vifaa bila kuogopa. Nilikosoma mimi tulibanana watatu kwenye dawati moja, mwalimu anatamka, sisi tunaitikia kwa pamoja. Kujitikisa kulihesabiwa utovu wa nidhamu. Siwezi kuyapamba hayo. Nilisoma na watoto waliochapwa kwa sababu tu miili yao haikuweza kutulia, na baadhi yao waliacha shule wakiamini kabisa kwamba hawana akili.

Lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kati ya milango yote ya elimu, wetu ni mmoja tu.

Mgawanyo aliopewa binti yangu unafanana na ule uliobuniwa mwaka 1987 na Neil Fleming wa New Zealand, aliyewapanga wanafunzi katika makundi ya kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Si mgawanyo pekee. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliorodhesha mifumo 71 ya mitindo ya ujifunzaji, mingi ikipingana. Kisha mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, wakauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: je, mtoto "wa kuona" akifundishwa kwa picha anafaulu kuliko akifundishwa kwa maneno, na mtoto "wa kusikia" anafaulu kinyume chake? Walikuta kwamba tafiti chache sana ziliwahi kulipima jambo hilo kwa njia inayofaa, na kati ya hizo kadhaa zilipinga moja kwa moja kile kinachohubiriwa.

Simlaumu mwalimu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba asilimia 93 ya walimu walioulizwa Uingereza, na asilimia 96 Uholanzi, waliamini kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo aupendao. Na kupenda kupo kweli. Binti yangu anapenda kushika vitu. Ila apendacho mtoto hakitupi kipimo cha anachoweza. Njia ya kufundishia hutokana zaidi na somo lenyewe: ramani inataka macho, matamshi yanataka masikio, na hakuna atakayejua kuogelea bila kuingia majini.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba lebo hii inalipotosha jambo ambalo ni la kweli kabisa. Mwili unafundisha, na unawafundisha wote.

Nilipofika huku sikujua neno hata moja la lugha yao. Katika darasa la jioni mwalimu alitumia njia iliyoasisiwa na James Asher wa Marekani: anatoa amri, anaitenda, nasi tunaitenda. Simama. Nenda mlangoni. Inama, okota, mpe jirani. Tulikuwa watu wazima wa kila aina, yupo aliyependa daftari lake kuliko kitu chochote, na sote tuliinama. Mpaka leo nikisikia kitenzi kile cha kuinama, mgongo unakielewa kabla sijakitafsiri.

Mwanasaikolojia Susan Goldin-Meadow wa Chicago na wenzake waliwapa watoto hesabu za namna hii: 4+9+3=4+__. Wengine walifundishwa kutamka kwamba pande mbili lazima zilingane. Wengine walifundishwa kupitisha mkono chini ya upande wa kushoto, kisha chini ya upande wa kulia. Wiki nne baadaye, waliotumia mikono ndio waliokuwa bado wanakumbuka vizuri walichojifunza. Hakuna aliyejazishwa dodoso kwanza. Na katika utafiti wa mwaka 2015, wanafunzi wa fizikia walioshika wenyewe ekseli ya gurudumu linalozunguka na kuiinamisha, wakasikia mikononi jinsi linavyogoma, walifanya mtihani vizuri kuliko waliokuwa wakiwatazama wenzao.

Ila ni muhimu mwendo wenyewe ubebe maana ya somo. Mkono unaopita chini ya pande mbili ndio usawa wenyewe. Kupiga makofi huku ukitaja majedwali ya kuzidisha, kama tulivyofanya sisi, kulinipa mdundo. Nilijua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita miaka mingi kabla sijajua hiyo hamsini na sita inatoka wapi. Kinachonibaki hadi leo ni vijiti. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitutuma tukaokote vijiti, tukavifunga kumi kumi, na kila tulipokosa vya kutosha kutoa tulifungua fungu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa "kukopa" katika kutoa. Darasa zima lilifunga vijiti, mpaka wale waliokuwa hodari wa kusoma.

Nilikwenda kuonana na mwalimu wa binti yangu. Nikagundua kwamba wenzake walipokuwa wakisoma hadithi, yeye na wengine wawili walikuwa wakipewa udongo wa kufinyanga. Nilimwomba mambo mawili: amrudishe kwenye kitabu, na udongo wapewe wote. La kwanza amelikubali.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu, ambaye anafundisha kule nyumbani, alinitumia picha ya bango jipya ukutani mwake lenye maduara manne yaleyale, akaniuliza kama naweza kumpatia dodoso. Ana watoto zaidi ya sabini. Nilimpigia simu tukazungumza karibu saa nzima. Nilimwambia aliache lile bango, kwa sababu huku linawafungia watoto mlango wakiwa kumi na wanane tu darasani, na kwake litawafungia wengi zaidi. Nikamuuliza wanafundisha nini sasa. Namba hasi, akasema, na hawaelewi kabisa. Nikamuuliza kama uwanja bado upo.

Jana amenitumia picha nyingine. Mstari mrefu wa majivu uwanjani, sifuri katikati, na mtoto mmoja anatembea kinyumenyume kuelekea hasi tano huku wenzake wamepanga foleni wakingoja zamu.