Kabla ya mipira na fulana, mlipeni mlezi wa mchana

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, hapa Lubumbashi huanza msimu wa kugawa. Shirika linaleta mipira, mheshimiwa analeta fulana zenye picha yake, watu wanapigwa picha chini ya mwembe, na wote wanasema wanasaidia watoto baada ya masomo. Mwezi wa kumi na moja mvua ikishika, mipira imepasuka, fulana zinapangusia sakafu, na watoto wako palepale walipokuwa: barabarani. Sina ugomvi na mipira. Ninachosema ni kwamba tunaanzia mkiani. Cha kwanza kulipiwa katika mpango wowote wa mchana ni mtu mzima anayefika kila siku ya shule, mwaka mzima, na kupokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Anayeishi katika komini za Katuba, Kenya au Ruashi hahitaji kuelezwa mchana wetu ulivyo. Shule nyingi zina zamu mbili ndani ya jengo moja. Kundi la asubuhi linatoka, la mchana linaingia. Wa asubuhi hawana pa kwenda mpaka giza, wa mchana hawakuwa na pa kwenda tangu kulipokucha. Ndiyo maana saa yoyote utakayopita utawakuta wamevaa bluu na nyeupe, wanazunguka. Mama yuko sokoni, baba yuko machimboni au ameenda mpakani Kasumbalesa kutafuta unga. Mkubwa wa nyumba ni msichana wa miaka kumi.

Elimu ya msingi katika shule za serikali ilianza kuwa bure kweli Septemba 2019, jambo ambalo Katiba ya Kongo ya 2006 ilikuwa imeliahidi katika ibara ya 43. Watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa ada waliingia kwa wingi, na nitagombana na yeyote anayetaka turudi nyuma. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo ule, wala walimu. Benchi la wawili linakaliwa na wanne, na mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Banki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 nchini mwetu wanafika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Halafu kuna Kifaransa. Nyumbani ni Kiswahili tupu, na mtoto anarudi na daftari lililojaa alichonakili ubaoni, wala hakuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kumwambia ameandika nini. Pengo hilo litazibwa mchana, au halitazibwa.

Kuna ua mmoja ninaoujua, Katuba, nyuma ya kanisa dogo, ambako watoto walisaidiwa masomo mchana. Aliyeuendesha alikuwa dada aliyemaliza sekondari katika sehemu ya ualimu na kufaulu mtihani wa Taifa, kisha akakosa kazi kama wenzake wengi. Watoto walimwita Yaya. Mtoto mgeni akifika, Yaya hakumuuliza yuko darasa la ngapi. Alimpa karatasi yenye herufi juu, maneno katikati, na sentensi tatu chini, akamwambia asome. Aliyeishia kwenye herufi alikaa mkeka wa kwanza hata kama shuleni yuko darasa la tano. Nilimwona kijana wa darasa la tano, miguu mirefu haina pa kukunjwa, amekaa na watoto wa miaka saba wakipanga vifuniko vya chupa vyenye silabi: ma, me, mi, mo, mu. Hakuna aliyemcheka. Yaya alikuwa amempa kazi ya kutunza vifuniko vyote, na kila aliyetaka kifuniko ilibidi amwombe yeye. Walianza kusoma kwa Kiswahili, maneno wanayoyajua mdomoni. Kifaransa kilifuata mtoto alipokwisha kuona kwamba maandishi yanasema kitu.

Wasichana wengi walikuja na mdogo mgongoni. Yaya alitandika mkeka wa wachanga pembeni, na wakubwa wakapokezana kuwashika. Nimeona mahali pengine kanuni imebandikwa ukutani kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi. Ukimkataa wa mgongoni umemkataa na aliyembeba, kwa sababu nyumbani hakuna mwingine wa kumwachia. Karibu saa tisa, mama mmoja wa jirani alileta beseni la vitumbula, kila mtoto kimoja. Kwa wengine hicho ndicho kilikuwa chakula cha kwanza tangu jana, na kuna waliofika kwa ajili yake tu, wakabaki kwa ajili ya vifuniko. Mimi sioni ubaya wowote hapo.

Ua ule haukufa kwa kukosa vitu. Yaya alikuwa akipewa pesa ya sabuni pale michango ya kanisa ilipopatikana, basi. Alipopata kazi ya kuuza yuniti na M-Pesa kwenye kibanda mjini, aliichukua, na alifanya vizuri. Kwa siku kadhaa watoto waliendelea kuja na kujipanga chini ya ukuta. Nikawauliza wanangoja nini, na mmoja akajibu tu, “Yaya hakuya leo.” Baadaye vijana wa korali walijitolea kushika nafasi yake. Walianza wengi, wakapungua, na mitihani ya chuo ilipowadia hakubaki hata mmoja. Siwalaumu hata kidogo.

Hapa ndipo wengi wananipinga. Wanasema tuna skauti, tuna Kiro (chama cha vijana Wakatoliki), tuna makanisa kila kona, kwa nini tulipe kitu ambacho watu wanakifanya kwa moyo? Wananitajia Wasalesiani wa Don Bosco, watawa walio katika mji huu tangu 1911, na kazi ya nyumba kama Bakanja kwa watoto wa barabarani. Ni mfano mzuri, ila tuusome wote. Mtawa anadumu na watoto kwa sababu maisha yake yote yamepangwa kwa kazi hiyo. Ana chakula, ana kitanda, ana mahali pa kuzeekea. Msichana wa Katuba ana kodi ya nyumba na wadogo zake wanaomtegemea. Kumdai moyo wa mtawa bila kumpa hata sahani ya mtawa ni dhuluma, ingawa tunaiita kujitolea.

Wenzetu wa India walilipima jambo hili. Shirika la Pratham, katika miji ya Mumbai na Vadodara, liliwachukua wasichana wa mitaa ileile waliomaliza sekondari, likawapa mafunzo ya wiki mbili hivi na kuwalipa dola 10 mpaka 15 kwa mwezi. Kazi yao ilikuwa kukaa na watoto waliobaki nyuma, kama saa mbili kila siku, wakirudia misingi. Alama za watoto zilipanda. Matokeo yalichapishwa 2007, na kati ya watafiti walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer. Ile ilikuwa ndani ya saa za shule. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, walijaribu kitu kinachofanana zaidi na ua wetu: vijana wa kujitolea, masomo ya kusoma nje ya saa za shule. Watoto waliohudhuria walisonga mbele waziwazi. Shida ni kwamba walihudhuria kama 8 tu kati ya 100. Mimi naielewa hivi: mtoto asiyejua kusoma haji mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kwenda kubisha hodi kwa mama yake, leo, kesho, na tena wiki ijayo. Anayejitolea atabisha mara moja. Anayelipwa utamuuliza kwa nini hakurudi.

Sasa tuje kwa walimu, maana kila mkutano wa wazazi niliokaa, pendekezo la kwanza huwa lilelile: mwalimu wa darasa abaki na watoto mchana, kila mzazi atoe kidogo. Napinga kabisa. Mwalimu amechoka, na wengine wana zamu zote mbili. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mwalimu anayelipwa na wanafunzi wake mwenyewe mchana anapata sababu ya kutomaliza somo asubuhi. Nimesikia kwa masikio yangu, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu akifunga kitabu katikati ya hesabu za sehemu na kusema, “Hii tutaimaliza na wale wa mchana.” Watoto ambao mama zao hawakulipa walielewa mara moja, wakaanza kupanga daftari zao. Wazazi wa nchi hii wamebeba mishahara ya walimu tangu shida za miaka ya 1990, elimu ya bure ikaja kuwatua mzigo huo, na sasa tunaurudisha kwa mlango wa nyuma tukiupa jina la msaada wa masomo. Kenya (nchi, si komini yetu) iliona hatari ya namna hii, na sheria yake ya elimu ya 2013 inakataza kuwalazimisha watoto masomo ya ziada wakati wa likizo. Mwalimu adai haki yake kwa serikali, nami nitaandamana naye. Asiidai kwa mama muuza makaa.

Watu wa kuajiri wapo. Kila mwaka sehemu za ualimu katika sekondari zetu zinatoa vijana wanaojua kushika chaki na hawana pa kuishikia. ISP Lubumbashi, chuo cha ualimu, ina wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Na kuna walimu wastaafu, ambao mimi ningewatafuta kwanza. Mzee aliyefundisha kusoma miaka thelathini anajua kwa nini mtoto anachanganya b na d kabla kijana hajaiona tofauti. Muweke mstaafu mmoja na kijana mmoja katika kila ua. Kijana anakimbia, mzee anaheshimika mtaani, na wazazi wakija na hasira wanaongea na mzee.

Wawe wawili pia kwa sababu nyingine ambayo watu wanaona haya kuitamka. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, hata mtu huyo awe mwema namna gani. Nchi ina sheria ya ulinzi wa mtoto tangu 10 Januari 2009, lakini hakuna askari atakayekuja kuisoma katika ua wa Katuba. Itatekelezwa na kitu kidogo kama mlango ulio wazi, daftari la majina, na mtu wa pili aliyekaa pale. Na mmoja akishikwa na malaria, ua haufungwi.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme kila mmoja apate dola 100 kwa mwezi, kwa miezi kumi ya masomo. Wawili ni dola 2,000. Wakiwa na watoto 40, ni dola 50 kwa mtoto kwa mwaka, kabla ya vitumbula na chaki. Nilimuuliza yule dada wa kibandani kama angerudi kwa fedha hiyo. Kiasi hakukibishia. Aliuliza kama mwezi wa tatu wa kazi nao zingelipwa.

Swali lake linatugusa sana watu wa mji huu. Wazee wetu wanakumbuka kampuni ya shaba, Union Minière, kisha Gécamines, ikiwa na shule zake, hospitali zake, viwanja vyake vya mpira na nyumba za mafunzo ya akina mama. Haikuwa pepo. Kampuni ilitaka wafanyakazi watulivu na watoto watakaokuja kuwa wafanyakazi watulivu. Lakini kulikuwa na mtu anayelipwa. Kampuni ilipoporomoka, mishahara ilikaa miezi na miezi bila kuonekana, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kuta nyingi zimesimama mpaka leo. Hakuna anayefungua milango.

Na shaba bado inatoka. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha za namna hiyo zinapenda saruji, kwa sababu saruji inapakwa rangi na kubandikwa kibao. Mshahara wa mlezi hauna pa kubandika kibao. Naelewa ugumu huo, ila wanaokaa kupanga miradi hiyo ni pamoja na watu wetu, na sijasikia wakiuombea mshahara hata mara moja. Tunaomba vyumba, kisha tunatafuta mtu wa kujitolea kuvikalia.

Kwenye kamati yetu ya wazazi nitakwenda na mambo machache. Mfadhili asiye na fedha za mwaka mzima wa shule asifungue ua, anunue madawati. Mwenye fedha za nyua kumi kwa miezi mitatu afungue ua mmoja na audumishe. Mlezi apewe mkataba ulioandikwa, siku ya malipo itajwe, na fedha zipite kwenye simu yake, si mkononi mwa mwenyekiti. Mwalimu asipokee chochote kwa watoto wa darasa lake mwenyewe. Mzazi akitaka kuchangia, alete unga au mafuta ya kukaangia, na asiye na kitu mtoto wake aingie vilevile.

Najua mwenyekiti ataniuliza nani atasimamia yote hayo. Nitamjibu kwamba ninayo saa moja kila Jumamosi ya kukagua daftari la mahudhurio, na nitawaomba wazazi wengine wawili watoe saa zao.